Siri Iliyongoja Ubatizo

Nisikilizeni, nyie mlio na ndoa na nyie mnaoitwa kusuluhisha ndoa za wenzenu. Jambo hili lilitokea hapa kwetu Lozanca, katika vilima vya mizabibu vya Moldova, na waliolitenda ni watu wema. Hilo ndilo linaloniuma. Angelitenda mtu mbaya tungemlaani, tukaenda zetu kulala.

Siku yenyewe ilianza vizuri. Ilikuwa mwisho wa Septemba, zabibu zimeshakatwa, na Profira alikuwa uani kwa Aurica akipika jamu ya plamu. Sufuria la shaba lilichemka taratibu tangu alfajiri. Aurica alikaa kwenye kigoda, kamlaza kifuani mtoto wake wa wiki nne, Ilinca, ananyonya kwa pupa.

"Nanasha, koroga bwana. Ikishika chini tutakula masizi mwaka mzima."

"Nilikuwa nakoroga jamu kabla mama yako hajavunja ungo. Wewe nyonyesha, kazi yako ni hiyo."

Walicheka wote wawili. Profira alikuwa mjane wa miaka sitini na mbili na Mungu hakumjalia mtoto. Lakini miaka mitatu nyuma aliwashikia Aurica na Simion mishumaa kanisani, akawa msimamizi wa ndoa yao, nanasha, na huku kwetu hicho si cheo cha siku moja. Mume akinuna, mke akizira, kesi huletwa kwa nanasha kabla haijafika kwa wazazi, kabla haijafika kwa padri. Nanasha akisema, wanandoa husikiliza. Profira aliwapenda wale wawili kama amewazaa, na sasa alikuwa akingoja kwa hamu kumshika Ilinca kwenye maji ya ubatizo.

Simion akaingia kutoka mjini wilayani. Alikuwa amerudi kutoka Poland wiki mbili nyuma, alikokwenda kupiga plasta tangu mwezi wa tatu, na alirudi na homa na vidonda vya mdomoni visivyopona. Siku hiyo alikuwa amefuata majibu hospitali. Alimpita mkewe bila kumtazama mtoto.

"Wamesemaje?" Aurica akauliza.

"Damu imepungua kidogo. Wamenipa dawa." Kisha akamgeukia Profira. "Nanasha, twende nikuangalizie lile pipa lako linalovuja."

Profira hakuwa na pipa linalovuja. Aliweka mwiko chini, akamfuata.

Huko chini kwenye ghala la divai la Profira, Simion alisimama katikati ya mapipa.

"Wamenikuta na virusi."

"Virusi gani?"

"Vya UKIMWI, Nanasha."

Profira alitafuta pa kukaa, akaangukia juu ya ndoo iliyofudikizwa. Alimtazama kijana yule, mabega yake mapana, vumbi la chokaa ambalo halikuwahi kumtoka kwenye kucha. Huko alikoupata Simion hakusema, na mimi sitawapeleka kuchungulia.

"Na Aurica?"

"Ndiyo hapo." Simion alikaa chini kwenye udongo. "Yule mama mshauri wa kliniki, Nadejda, kaniuliza kila kitu. Aurica alipimwa mara mbili akiwa na mimba, mara ya mwisho mwezi wa saba, akakutwa mzima. Mimi sikuwepo. Na tangu nirudi sijamgusa, si unajua, arobaini haijaisha. Nadejda anasema huenda mke wangu bado mzima kabisa, na mtoto pia. Anasema nimlete wiki hii hii. Kaniambia, mwambie mwenyewe, au njooni wote hapa nikusaidie kusema, au tumwite sisi bila kutaja jina lako. Nikasema nitamwambia mwenyewe."

"Sasa?"

"Mdomo umekufa. Nanasha, nakuomba. Njoo ukae naye, umshike mkono, niseme ukiwepo. Peke yangu siwezi."

Tazameni hapo, ndugu zangu. Mlango ulikuwa wazi kiasi cha kupitisha mkokoteni. Mume anataka kusema, mke ni mzima, mtoto ni mzima, kliniki inasubiri. Kilichotakiwa ni mwanamke mmoja apande ngazi za ghala, avuke uzio, akae kwenye kigoda.

Lakini Profira alikuwa na dada, zamani. Dada huyo alikuwa ananyonyesha siku alipoletewa habari kwamba mumewe ameangukiwa na trekta. Kesho yake matiti yalikuwa makavu, na kichanga hakikumaliza majira yale ya baridi. Kijiji kizima kilisema ni mshtuko ulioyakausha maziwa. Huku kwetu kila mwanamke analijua hilo: mzazi haambiwi habari mbaya.

"Una wazimu?" alisema. "Mwanamke ana mtoto ziwani, umpige na habari kama hiyo? Maziwa yatakauka siku hiyo hiyo. Unataka kumuua Ilinca?"

"Daktari kasema wiki hii..."

"Daktari hajamzika mtoto wa dada yangu! Sikiliza. Tumbatize kwanza. Divai mpya ikishatulia, tufanye sherehe yetu, mtoto awe na nguvu. Baada ya hapo nitakaa na Aurica mwenyewe nimweleze. Mimi ndiye nanasha wake. Wewe nyamaza, na usimguse."

Simion alivuta pumzi ndefu. Niwaambie ukweli mchungu: alifurahi. Mwoga akipewa ruhusa ya kunyamaza na mtu anayemheshimu, hulala usingizi mzuri.

Vidonge vyake vilifichwa palepale ghalani, nyuma ya chupa za matango ya siki. Kila jioni alitakiwa aje ameze kimoja, kwa kisingizio cha kutazama mapipa. Siku nyingine alikuja. Siku nyingine Aurica alisema, "Kila siku mapipa, mapipa! Umeyaoa?" naye akabaki nyumbani, kidonge kikabaki kwenye kopo. Profira alivihesabu, akakemea, akakata tamaa ya kukemea.

Nadejda alipiga simu baada ya wiki mbili. Simion alikuwa amesimama uani kwa Profira.

"Mwambie umeshamweleza," Profira alimnong'oneza. "Mwambie atakuja baada ya ubatizo."

"Nimemweleza, mama," Simion alisema kwenye simu. "Atakuja. Tuna shughuli ya mtoto kidogo."

"Kaipokeaje?" sauti ya Nadejda ilisikika mpaka kwa Profira. "Analia? Ana mtu wa kuzungumza naye? Mpe hii simu nimsalimie tu."

"Yuko... yuko shambani."

Nadejda akashusha sauti. "Simion, mwanangu, usinidanganye. Nikisema mapema, sisemi kwa kukutisha."

Simion akakata simu, akafuta jasho. Profira aliingia ndani akajifanya anatafuta ufagio.

Arobaini ikatimia. Padri akamsomea Aurica sala ya kumrudisha kanisani, naye akarudi nyumbani, akaoga kwa maji yenye majani ya basili, akasuka nywele, akakaanga mikate ya jibini na ya maboga ambayo Simion aliipenda tangu uchumba. Simion alikula mikate sita, akashukuru, akachukua mto, akaenda kulala kwenye jiko la nje.

"Kifua," alisema. "Nisije nikamwambukiza mtoto mafua."

Akalala huko siku moja, siku tano, wiki mbili. Jiko la nje halina joto, na Oktoba yetu haina huruma. Aurica akaanza kukonda kwa mawazo. Siku moja alikwenda kwa Profira, akambwaga Ilinca kwenye mapaja yake, akafunua tumbo.

"Niangalie, Nanasha. Niambie kweli. Nimekuwa mbaya?"

"Wewe? Toka hapa! Unang'aa."

"Basi ana mwanamke. Huko Poland ana mwanamke."

"Hana. Ni kifua tu, mwanangu."

"Kifua gani! Anakohoa nikipita mimi. Nikiwa nimeondoka anapiga mluzi." Akacheka, kicheko kikageuka kilio, akalia kwa sauti kama mtoto. "Mume amekaa miezi sita ugenini, amerudi, ananikimbia kama nina ukoma. Wewe ulitushikia mishumaa. Wewe anakusikia. Muulize nimemkosea nini."

Ukweli ulikuwa mdomoni mwa Profira. Aliuonja kabisa. Akamtazama mtoto mapajani, namna midomo yake ilivyokuwa ikinyonya hewa usingizini, akakumbuka kichanga cha dada yake kwenye sanduku dogo. Akaumeza.

"Nitazungumza naye," alisema.

Na akazungumza naye kweli, jioni ileile, penye uzio.

"Unamtesa mtoto wa watu. Anadhani una mwanamke. Kesho atakwenda kwa mama yake, keshokutwa mtakuwa vinywani mwa kijiji kizima. Rudi ndani."

"Nirudi ndani nikafanye nini, Nanasha? Na akinigusa?"

"Geukia ukutani. Mwambie umechoka. Au tumia mpira, si kuna mipira?"

"Tangu tuoane sijavaa mpira. Nikiutoa ataniuliza wa nini, na mimi nimjibu nini?"

"Basi jizuie! Umebakiza wiki mbili. Mwanaume mzima unashindwa wiki mbili?"

Neno "jizuie" ni jepesi kwenye kinywa cha mwingine. Simion alirudi ndani. Siku tatu aligeukia ukutani. Siku ya nne Aurica alilala nyuma yake akilia kimyakimya, akamuuliza kama bado anampenda, na Simion, ambaye hakuwa na jibu jingine aliloruhusiwa kutoa, alimgeukia.

Hayo aliyasema baadaye, mbele ya watu. Wakati ule Profira aliona tu kwamba Aurica anaimba tena akianika nguo. Alifanya ishara ya msalaba, akamshukuru Mungu kwamba nyumba imetulia. Loo! Tunashukuru kwa mambo gani wakati mwingine.

Wiki ya ubatizo Aurica akashikwa na homa. Koo lilimuuma, viungo vikamlegea. "Mafua ya mwezi wa kumi na moja," majirani walisema, wakamletea chai ya maua na asali. Akanywa, akaendelea kunyonyesha, akaendelea kukata kabichi za sherehe. Nguruwe alishachinjwa, divai ilishatulia, wapiga violini walishalipwa nusu.

Asubuhi ya ubatizo Profira alikwenda kumsaidia kuvaa. Chumbani kulikuwa na joto, Ilinca amelala ziwani, na Aurica akainua nywele ili afungwe vifungo vya mgongoni. Profira akaona. Vipele vyekundu, vidogo vidogo, kifua kizima mpaka mabegani. Chini ya sikio, uvimbe wa tezi kama zabibu.

Vidole vyake vikasimama kwenye kifungo cha kwanza. Simion alimwonyesha karatasi ya kliniki siku ile ghalani, na Profira aliisoma kwa mwanga wa balbu, mstari kwa mstari. Mkeo akipata homa ya ghafla, vipele, tezi kuvimba, mlete siku hiyo hiyo. Siku hiyo hiyo, iliandikwa, ikapigiwa mstari.

"Nanasha, mbona umenyamaza?"

"Kitambaa," Profira alisema. "Sikioni kitambaa cha mtoto."

"Si hicho begani kwako?"

"Ah. Ndiyo."

Nje wageni walikuwa wakiita, padri ana ubatizo mwingine kijiji cha pili. Na Ilinca alikuwa akinyonya. Profira alisikia kila funda la koo dogo lile, na safari hii hakusikia utamu wowote. Alifunga vifungo vyote kumi na viwili. Kisha akampokea mtoto, akampeleka kanisani, akamkana shetani mara tatu kwa niaba yake kwa sauti ambayo padri alimwambia aiongeze.

Kwenye sherehe hakuweza kumeza. Watu walicheza, Simion akalewa mapema, na kila Aurica alipoinuka kwenda chumbani kunyonyesha, Profira aliinuka naye, akafika mlangoni, akarudi. Mara tatu. Keki, pongezi, muziki, wakwe wanatazama. Kesho, alijiambia. Tangu Septemba alikuwa akisema kesho.

Kesho yake asubuhi akaenda. Aurica alikuwa jikoni, vyombo vya sherehe vimejaa mpaka dirishani, mtoto ziwani. Profira hakukaa. Alisema yote akiwa amesimama, tangu ghalani mpaka vipele, bila kujificha nyuma ya Simion.

Aurica alisikiliza bila kukatiza. Profira alipomaliza, akamuuliza jambo moja tu.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu siku ya jamu."

"Siku ya jamu." Alirudia polepole. "Kwa hiyo nilipokuja kwako nikalia, ulikuwa unajua. Ulipomrudisha chumbani kwangu, ulikuwa unajua. Ni wewe uliyemrudisha, Nanasha?"

"Ni mimi."

Aurica alimtoa mtoto ziwani. Ilinca akapiga ukelele, akatupa mikono akitafuta. Mama yake akamlaza kwenye kitanda chake, akarudi nyuma hatua mbili, akasimama na mikono nyuma kana kwamba anaogopa itamchukua yenyewe. Gauni lake lililowa kifuani. Maziwa yalikuwa yakidondoka sakafuni, matone makubwa, na mtoto akilia, na yakazidi kudondoka kwa kile kilio.

"Uliogopa yatakauka," Aurica alisema. "Tazama. Umenipiga na habari, na hayajakauka. Sasa niyapeleke wapi?"

Profira alipiga magoti, akataka kumshika miguu. Aurica akasogea kando, akaenda kutafuta koti.

Kwenye kliniki ya wilaya, Nadejda aliwapokea wote bila kumkaripia mtu. Alimkalisha Aurica, akamletea maji, akamtafutia maziwa ya kopo mtoto, akakaa naye saa nzima mlango umefungwa. Siku hiyo Aurica alikutwa na virusi, vichanga bado, vya wiki chache. Damu ya Ilinca ilipelekwa mji mkuu. Wakati majibu yanasubiriwa Aurica alianza dawa, mtoto naye akapewa za kwake mdomoni, kwa bomba dogo la sindano. Simion alikaa kwenye benchi la nje akiwa ameshika kofia, na hakuna aliyemwambia aingie wala aondoke.

Siku ya majibu Profira naye alikwenda. Hakualikwa. Alisimama kwenye ukumbi, shali kichwani, akisubiri kuitwa au kufukuzwa. Nadejda alitoka na bahasha, akamtazama, kisha akamuuliza Aurica kwa upole:

"Huyu mama aingie? Si lazima. Ni haki yako, unaweza kumwambia baadaye, ukiwa tayari, au usimwambie kabisa."

Aurica alimtazama Profira, mtoto amelala begani.

"Aingie," alisema. "Asikie sasa hivi, pamoja na mimi. Mimi simfichi mtu jambo linalomhusu mtoto aliyembatiza."

Profira akaingia. Bahasha ikafunguliwa. Ilinca alikuwa na virusi.

FUNZO

Leo Ilinca anatembea. Mama na mtoto wanameza dawa zao kila siku, wananenepa, na Nadejda anasema wakishika dawa watazeeka. Simion hafichi tena kopo lake, linakaa mezani penye chumvi. Hawakuachana, wala sitawadanganya kwamba wamepatana. Profira anaishi peke yake na mapipa yake, na hakuna wachumba wanaomwendea tena kuomba awashikie mishumaa.

Kwa hiyo nawaambia, na wa kukasirika akasirike. Ukipimwa ukakutwa na virusi, mwenzako ana haki ya kujua mapema, angali na la kufanya. Kama mdomo ni mzito, kliniki ipo. Watakaa na wewe, watasema pamoja na wewe, au watamwita bila kukutaja. Hiyo si aibu. Na ukishasema usimwache mwenzako peke yake na habari hiyo. Msindikize akapime, kaa naye, mezeni dawa hadharani nyumbani kwenu.

Nanyi wazee, wasimamizi, mashangazi, nyinyi mnaojua kuweka siri: mtu akikuletea jambo kama hili, kazi yako ni kumshika mkono umpeleke kwa mwenye haki ya kulisikia. Hukupewa kuchagua siku. Profira hakuwa na chuki hata punje. Alikuwa na huruma, na huruma yake ilimnyima Aurica wiki saba ambazo zingemwokoa yeye na mwanawe. Mficha maradhi, wahenga walisema, kifo humuumbua. Hawakusema kwamba anayeumbuka huwa ni mtu mwingine, aliyekuwa jikoni ananyonyesha, hajui lolote.